Masika ya Baiskeli ya Kukunja

Jumatatu, 4 Machi

Wamefunga daraja. Mto umelichimba usiku kucha na nguzo moja imeinama, basi askari wamepanga mapipa na kufunga kamba. Hakuna gari linalopita. Watu wa miguu na wa baiskeli wanaruhusiwa, pembeni tu, mmoja nyuma ya mwingine.

Na leo ni siku ya mashine. Figo za mume wangu ziligoma mwaka jana, sasa husafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hospitali iko ng'ambo. Ikabidi tuvuke kwa miguu. Kila akichoka alishika ukingo wa daraja na kujifanya anaangalia maji. "Hebu ona mto ulivyonenepa," anasema, huku anahema. Huyu ni mtu aliyekuwa akipaka rangi majengo marefu akining'inia kwenye kamba na kupiga mluzi.

Baada ya mashine miguu ilimkataa kabisa. Dada yake anakaa mitaa miwili kutoka hospitalini, nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Akaja na mwavuli, akamshika mkono, akasema, "Utakaa kwangu mpaka daraja litengenezwe." Alimwambia yeye. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na begi la taulo, wala hakuniuliza.

Nimerudi peke yangu. Nimepanda ghorofa nne bila kusimama, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsubiri.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimepika chakula cha watu wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu kwenda kwa miguu baada ya kazi. Karakana yetu ya mapazia inafungwa saa kumi na moja. Nikavuka daraja, nikaishika ile barabara ndefu ya hospitali. Vibasi vipo upande ule, lakini foleni imekata kona mbili, na kikija kimoja wanaopanda ni wenye viwiko vikali. Nikatembea. Nilipofika giza limeshaingia. Wifi akafungua mlango nusu.

"Wifi, ameshalala. Si ungepiga simu?"

"Nilitaka kumwona tu."

"Haya, mwone."

Nikamwona mgongo. Amelala ameelekea ukutani, shuka limebanwa vizuri chini ya godoro kama la wodini. Nikasimama mlangoni mpaka nikaona aibu, nikaaga.

Wifi hakunikaribisha kulala, nami sikuomba. Hatujawahi kugombana tangu niolewe, wala hatujawahi kupatana. Sikujaliwa kuzaa. Hilo hajawahi kulitamka, ila kila tukikutana hunitazama kama mtu anayehesabu watu mezani akakuta pungufu.

Kuacha kazi siwezi. Bima ya karakana ndiyo inayolipia mashine. Siku nikiinuka kwenye cherehani yangu, na mashine yake inazimwa.

Ijumaa, 8 Machi

Kidoti, yule dada anayepiga pasi mapazia, tunamwita hivyo kwa doa lake la shavuni, kanikuta nimelala juu ya kitambaa saa ya chai.

"Dada, nunua baiskeli."

"Sijui kuendesha."

"Utajifunza."

"Nina miaka hamsini na moja, Kidoti."

"Baiskeli haiulizi kitambulisho."

Nikamwambia hata nikijua, nitaiweka wapi? Kule kwetu jirani alifunga yake chini ya ngazi kwa mnyororo, asubuhi akakuta mnyororo na gurudumu moja. Na bosi hataki kuona hata mwavuli unaolowesha sakafu yake. Kidoti akacheka. "Zipo za kukunja. Unaikunja katikati, unaitia kwenye mfuko, unaisukuma chini ya meza ya kukatia. Bosi atadhani ni jora la kitambaa."

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda duka la baiskeli, mimi na Kidoti. Muuzaji amevaa miwani ya jua kichwani na nje mvua inamwagika, basi humu ataitwa Miwani.

"Karibu, mama. Unamtafutia mjukuu?"

"Najitafutia mwenyewe."

Hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. Akaleta ya kwanza: nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja, ukiikunja inakuwa ndogo kama sanduku la safari. Magurudumu madogo mno. Nikaketi huku Kidoti ameshikilia, nikaugusa usukani kidogo tu, ukageuka kama umeitwa. Nikauliza bei. Kidoti akaanza kukohoa.

Ya pili ina magurudumu makubwa kidogo, imetulia, ina gia, bei ya kibinadamu. Nikajaribu kuinyanyua. Ni uzito wa cherehani yangu na meza yake. Nikazifikiria zile ghorofa nne.

"Mama, ndivyo zilivyo," akasema Miwani. "Nyepesi ni ghali. Ya bei nafuu ni nzito. Ukiona ya bei nafuu na ni nyepesi, ujue kuna kitu wamekipunguza." Tulipokuwa tunatoka akaongeza, "Na kwa kuwa ndio unaanza, chukua ile ambayo ukikaa nyayo zako zote mbili zinalala chini. Usijali rangi."

Tumetoka mikono mitupu. Nyepesi siiwezi kwa bei, ya bei nafuu siiwezi kwa mikono.

Jumanne, 12 Machi

Mume wangu kanipigia simu saa ya chakula cha mchana.

"Nasikia unanunua baiskeli."

"Nani kakwambia?"

"Umeniambia mwenyewe jana kwenye simu, nilikuwa nusu usingizini. Wewe! Baiskeli! Hata lile toroli la dukani uliligonga kwenye rafu ya mayai."

Alicheka mpaka akakohoa, kikohozi kikachukua nafasi ya kicheko, halafu nikasikia sauti ya wifi: "Basi, basi, weka simu." Ikakatwa.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Daraja bado. Mhandisi kasema redioni kwamba wanasubiri mto upungue. Mto nao hausikilizi redio.

Jumamosi, 16 Machi

Tangazo la kwenye simu: baiskeli ya kukunja, mpya, nyepesi, bei ya kutupa. Nilishaisahau kauli ya Miwani, au sikutaka kuikumbuka. Tukaenda. Jamaa katusubiri chini ya jengo, anakwepa macho yetu. Baiskeli inang'aa. Nikaipenda palepale, niseme kweli. Nikaanza kufungua pochi.

Kidoti akaishika mbele na nyuma, akaitikisa. Bawaba ya katikati, pale inapokunjika, ikacheza kama jino la mtoto.

"Hii inakazwa tu," akasema jamaa.

"Ikaze basi."

Akaikaza kwa nguvu zake zote. Kidoti akaitikisa tena. Jino likacheza.

"Dada, hii itakukunja wewe darajani," akaniambia, akanishika mkono tukaondoka. Nimerudi nyumbani na hasira naye. Kesho zitaisha.

Jumatano, 20 Machi

Nimeomba ruhusa nikaenda mchana kwa miguu, nikamkuta mume wangu yuko kwenye mashine. Amepungua. Wifi ameketi pembeni yake, ana kikombe kidogo cha plastiki chenye mstari wa kalamu. Kila akimnywesha anaangalia mstari. Mgonjwa wa mashine hakojoi tena, kila anachokunywa kinabaki mwilini, kwa hiyo maji ni ya kupimiwa. Nyumbani kwetu nami nilikuwa nampimia. Sikuwahi kuchora mstari, lakini nilikuwa nampimia.

Jumamosi, 23 Machi

Nimepata baiskeli!

Mwalimu mmoja anahama nyumba, anauza vitu vyake uani: viti, feni, na baiskeli ya kukunja rangi ya matofali, imetumika miaka kadhaa. Fremu yake iko chini, huhitaji kurusha mguu. Nikaketi. Nyayo zote mbili chini, bapa. Kidoti akaitikisa mbele na nyuma, bawaba haikusema neno. Breki zinashika. Kufuli ya bawaba ni ngumu, inataka kupigwa na kiganja, na kiti kimechanika, hicho nitakishonea mwenyewe. Uzito upo, sisemi haupo, lakini nikiikunja na kuishika chini ya kiti naweza kupanda nayo ghorofa moja, kupumzika, kupanda nyingine.

"Unajua kuiendesha?" akauliza mwalimu.

"Bado."

Akanitazama, akaitazama baiskeli, akanipunguzia bei bila kuombwa. Sijui alimwonea huruma nani kati yetu.

Jumapili, 24 Machi

Nimeanguka.

Jumatatu, 25 Machi

Mwili wote unauma, hata masikio. Bosi kaniuliza kama nimegombana na mtu.

Alhamisi, 28 Machi

Tunafanyia mazoezi nyuma ya ghala la samani, kuna uwanja wa saruji. Kidoti anashika kiti kwa nyuma anakimbia huku anapiga kelele: "Usiangalie gurudumu! Angalia unakokwenda!" Nikiangalia ninakokwenda naona ukuta. Nikiona ukuta naufuata. Sijui kwa nini. Nageuza macho, mikono inakwenda kulekule.

Leo walinzi wa ghala wametoa viti nje ili watazame.

Jumapili, 31 Machi

Nimekwenda kama urefu wa nyumba tatu hivi peke yangu! Kidoti aliachia bila kuniambia. Nilikuwa naongea naye, namwuliza kama kitambaa cha kijani kimefika, nikaona hajibu. Kugeuka, yuko kule mbali amejishika kiuno. Nikaanguka kwa mshtuko, lakini hilo si la kuhesabu. Walinzi wamepiga makofi.

Nikampigia mume wangu simu kumwambia. Wifi ndiye aliyepokea. "Yuko chooni anatapika. Nitamwambia." Sidhani kama alimwambia.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Nimeshona kiti cha baiskeli kwa kipande cha pazia la hoteli. Kimekuwa cha kifahari kuliko baiskeli yenyewe.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefika!

Darajani niliisukuma, nina akili zangu. Nilipofika barabara ya hospitali nikapanda, nikasema potelea mbali, nikakanyaga. Lile lifoleni la vibasi nikalipita. Mtu mmoja akasema, "Mama, pole pole!" nikampungia mkono, kosa kubwa, nusura niingie mtaroni. Nikafika langoni kwa wifi nimejaa matope mpaka kwenye nyusi, na nje bado mchana.

Mume wangu alikuwa macho. Ameketi kitandani, miguu imevimba kidogo, lakini macho yake ni yaleyale. "Fundi rangi gani huyu aliyekupaka?" akauliza. Nilicheka nikalia hapohapo.

Wifi akaniangalia, akaiangalia baiskeli. "Ingiza ndani isilowe," akasema. Kwake hiyo ni hotuba ndefu. Akaongeza kwamba kwa kuwa nipo, yeye ataruka sokoni mara moja, tangu daraja lifungwe hajapata nafasi. Akanionyesha kikombe. "Ameshakunywa nusu. Hiyo nusu nyingine ni ya dawa za jioni."

Alipotoka, mume wangu akaniambia, "Nina kiu, mwenzangu."

"Najua."

"Hujui. Ulimi umeshikana na paa la mdomo. Naota maji. Jana nimeota nakunywa ndoo nzima ya rangi." Akanishika mkono. "Kidogo tu. Nyumbani ulikuwa unanipa."

Ni kweli nilikuwa nampa. Nikampa kile kilichobaki, nikajaza tena, nikampa. Alikunywa amefumba macho kama mtoto mchanga. Kulikuwa na tikiti maji mezani la mpangaji wa wifi, nikamkatia kipande, akala na maji yake yote yakamtiririka kidevuni. Tulikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu tulikuwa nayo.

Kisha nikakiosha kikombe, nikakijaza mpaka nusu, pale pale wifi alipokiacha.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika niko kwenye benchi la hospitali, nguo za jana zimenikaukia mwilini.

Jana Jumapili alfajiri simu imelia, wifi. Hakusalimia. "Hapumui vizuri. Tunakwenda hospitali. Njoo."

Nimeibeba ile baiskeli ghorofa nne bila kupumzika. Mvua ilikuwa inapiga upande. Darajani sikushuka, nilipita nimeikalia, askari wakipiga filimbi. Sikumbuki barabara. Nakumbuka maji machoni, na cheni ikaruka njiani, nikairudisha kwa vidole, grisi mpaka viwikoni, huku nasema kwa sauti kama mwendawazimu, nisubiri, nisubiri.

Nilimkuta ameketi wima kitandani, mikono imekamata vyuma vya pembeni, mdomo wazi. Sauti ya kifua chake ilikuwa kama mtu anayevuta soda iliyoisha kwa mrija. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mapafu. Wakambandika oksijeni, wakamwita muuguzi wa mashine kutoka kwake, maana ni Jumapili, naye akawa yuko mbali. Tukasubiri. Hakuna nilichoweza kufanya. Nilishika mguu wake juu ya shuka. Nikibonyeza kidole, shimo linabaki. Nikaacha kubonyeza.

Daktari akatoka nje nasi. "Amekunywa nini tangu Ijumaa?"

"Kikombe kwa siku," wifi akasema. "Napima mwenyewe."

"Maji yote haya si ya kikombe."

Wifi akafungua mdomo kubisha, halafu akanigeukia. Sikusubiri aulize.

"Mimi," nikasema. "Nilimpa jana. Na tikiti."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Wifi, kwa hiyo huko kwenu ndivyo ulivyokuwa unamfanyia?"

Daktari akaangalia viatu vyake.

"Alikuomba, ukampa."

"Aliomba sana."

"Ananiomba mimi kila siku! Kila siku, wifi! Unadhani kwangu haombi? Ananiita majina. Juzi kanirushia kijiko. Mimi ndiye mchawi, mimi ndiye mchoyo, halafu wewe unakuja na baiskeli yako mnacheka." Akakalia benchi, akafunika uso kwa kanga. "Nimemlea huyu tangu mama yetu alipofariki, nikiwa msichana mdogo. Sitaki kumzika."

Mashine ikaanza mchana. Ilimtoa maji mengi mno, na moyo ukayumba. Usiku kucha tumekaa benchi moja, yeye kule mwisho, mimi huku. Leo asubuhi amefungua macho, akatuona wote wawili. Akasema kwa sauti ya karatasi, "Hapa nani kafa?"



Jumatano, 17 Aprili

Karakana. Nimeshona mapazia ya ukumbi, yote kichwa chini. Nimeyafumua.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikwenda. Baiskeli ipo mlangoni imekunjwa. Naipita kwa kuiruka.

Jumanne, 23 Aprili

Kidoti: "Utajificha mpaka lini?"

Mimi: "Nikienda nitampa tena. Akiniomba nitampa."

Akarudi kwenye pasi yake bila kutania. Kwa Kidoti hilo ni jambo.

Ijumaa, 26 Aprili

Wifi kapiga simu. "Anakuuliza." Kisha: "Njoo kesho. Nitakuonyesha."

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda. Wifi hakutaja yaliyopita. Alinivuta jikoni akanionyesha kama unavyomwonyesha mfanyakazi mpya: maji anayagandisha vipande vidogo, kimoja kimoja anakiweka mdomoni, kinayeyuka taratibu, kiu inadanganyika. Maji ya kusukutua anampa, lakini anasimama mbele yake mpaka ateme. Miguu anaiinua kwa mto. Asubuhi na jioni anampima uzito.

Nilipokwenda kutundika koti langu nikaona mkeka umekunjwa nyuma ya mlango wa korido. Nyumba ina vyumba viwili, kimoja kina mpangaji, na kodi yake ndiyo riziki ya wifi. Kile kingine ni chumba chake mwenyewe. Kampa mdogo wake kitanda, yeye analala sakafuni koridoni, mlango wazi, ili asikie anavyopumua. Miezi miwili. Nami nilikuwa nasema moyoni kwamba hakunikaribisha kulala. Alikuwa anikaribishe wapi?

Mume wangu aliniomba maji. Nikampa kipande cha barafu. Akaniomba tena. Nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua kando ya baiskeli mpaka wifi akaniita.

Ijumaa, 3 Mei

Nafika kila siku ya pili sasa. Mguu umezoea, mkono umezoea, hata ile kufuli ya bawaba nimeizoea, kiganja kimoja tu. Kidoti anasema nimekuwa dereva. Ninachokiendea ndicho nisichokizoea.

Jumatano, 8 Mei

Daktari amesema moyo wa mume wangu umechoka. Asipande ngazi. Nikauliza, "Hata kidogo kidogo? Na kupumzika?" Akauliza tunakaa ghorofa ya ngapi. Nikamwambia. Akarudia, kwa upole, asipande ngazi.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kwa mwenye jengo letu kuomba chumba cha chini. Vyote vina watu. Nimezunguka na baiskeli mitaa ya hospitali nikitafuta cha kupanga. Kila mwenye mgonjwa naye anatafuta hapohapo. Nilipoonyeshwa kimoja nikaambiwa kodi, nikashukuru, nikapanda baiskeli.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua imepungua. Mto umerudi kitandani kwake.

Jumatatu, 27 Mei

Daraja limefunguliwa leo. Magari yamepiga honi asubuhi nzima, kwenye kituo watu wanapeana mikono kama wamelijenga wao. Nimeomba ruhusa, nikapanda basi, nikakaa dirishani na begi kubwa tupu mapajani la kuwekea nguo za mume wangu. Sijui nilikuwa nadhani nini. Nilishaambiwa na daktari. Lakini daraja lilipofunguliwa, mwili ulinyanyuka wenyewe ukachukua begi.

Nilimkuta ametoka kwenye mashine, rangi ya jivu. Aliliona begi kabla hajaniona mimi.

"Keti," akasema.

"Nimeongea na vijana wa jengo letu. Wanne. Watakubeba kwenye kiti. Siku za mashine wanakushusha, wanakupandisha..."

"Kila siku ya mashine?"

"Wamekubali."

"Na nikikosa pumzi Jumapili alfajiri? Utawagongea milango?" Hakuwa anagomba. Alikuwa ananihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwenzangu, huku nimezoea. Hospitali iko hapo. Dada anajua kunikatalia. Wewe hujui."

"Nimejifunza."

"Umejifunza. Lakini kila ukinikatalia unatoka nje unalia, na mimi nakusikia. Siwezi kuwa na kiu, halafu tena nikusikie wewe."

"Basi nihamie huku mimi."

"Ulale wapi? Juu ya dari?" Akajaribu kutabasamu. "Na kazi usiiache, tafadhali. Nakuomba hilo tu."

Wifi alikuwa mlangoni na kile kikombe. Nilimtazama nikitumaini nitauona ushindi usoni mwake, nimchukie nipate nafuu. Haukuwepo. Alikuwa amechoka tu. "Wifi," akasema, "mlango huu haufungwi. Uje muda wowote."

Nikamkunjia nguo zake zilizokuwa zimeanikwa. Nikazirudisha kabatini. Nikarudi kwa basi, na begi limekunjwa kwapani.

Jumatano, 29 Mei

Nimepika chakula cha mtu mmoja. Kimetosha.

Jumapili, 2 Juni

Leo basi lilikuwepo, lakini nimekwenda na baiskeli. Sijui kukaa tu nikatazama dirishani, miguu inataka kazi.

Mume wangu alikuwa na usingizi wa dawa, maneno yanachelewa. Tuliongea habari za karakana, za walinzi wa ghala ambao wananiuliza kwa nini siendi tena kuanguka. Kisha akasema, "Hebu niendeshee."

"Nikuendeshee nini?"

"Baiskeli. Nasikia tu watu wanasema unaendesha. Kwangu unaingia umeshashuka."

Kweli, hajawahi kuniona. Lango la wifi liko nyuma, na chumba kinatazama barabara ya mbele. Wifi akamketisha kwenye kiti cha dirishani, akamwekea mto mgongoni, akafuta kioo kwa upande wa kanga. Mimi nikaisukuma baiskeli kuzunguka nyumba, moyo unanidunda kama siku ya kwanza na Kidoti.

Nikapanda. Nikapita mbele ya dirisha nimenyooka, nikaenda mpaka kwenye nguzo ya taa, nikageuza. Nikarudi. Alikuwa anapiga makofi, nayaona tu, siyasikii. Akafanya alama ya kidole: kengele! Nikapiga kengele. Nikaenda mpaka nguzoni, nikageuza. Manyunyu yakaanza. Safari hii niliachia mkono mmoja nikampungia, nikayumba, nikauona mdomo wake umefunguka kwa kicheko.

Nilipogeuza tena mikono yake ilikuwa imeshuka mapajani. Kichwa kimeegemea kioo. Wifi amesimama nyuma yake, ameweka kiganja karibu na pua yake, anasikiliza. Akainua macho akanitazama, akalaza shavu juu ya mkono: amelala tu.

Ningeshuka. Ningeingia ndani nikajikausha, tukanywa chai mimi na wifi. Lakini mtu huyu alikuwa ameniomba kitu ninachoweza kumpa, cha kwanza tangu masika yaanze, na sikujua jinsi ya kuacha. Nikaenda mpaka nguzoni. Nikageuza.

Niliporudi mbele ya dirisha, wifi alikuwa amekishika kichwa cha mume wangu kwa mikono miwili, anakigeuza taratibu asimwamshe, mpaka uso wake ukaelekea barabarani. Kisha akanipa ishara kwa kidevu, endelea.